Ukurasa Mmoja

Mwaka 1977 nilichoma moto vitabu vya shule. Sikuvichoma kwa hasira wala kwa bahati mbaya. Nilivichoma kwa mpango, kwa muda wa siku mbili, nikisaidiwa na wanafunzi wa darasa la saba, na usiku wa siku ya pili nililala usingizi mzuri wa mtu aliyemaliza kazi.

Wasomaji wa rika langu wanaukumbuka mwaka ule. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Nilikuwa mwalimu mkuu kijana, sijafikisha miaka thelathini, nimetoka Chuo cha Ualimu Butimba miaka michache tu nyuma, na shule niliyokabidhiwa ilikuwa na vyumba vinne. Watoto walikuja, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Tulifundisha chini ya miembe, tulifundisha kwa zamu, na bado nafasi haikutosha. Palikuwa na stoo moja ndogo nyuma ya ofisi. Ndani yake mlikuwa na makasha matano ya mbao yaliyojaa rejista za tangu siku shule ile ilipokuwa ya mtemi, pamoja na kitabu cha kumbukumbu ambamo walimu wakuu walionitangulia waliandika mambo ya kila wiki: nzige, njaa, ziara ya mkaguzi, mtoto aliyeumwa na nyoka. Mchwa walikuwa wameanza kasha la chini. Niliagiza yote yatolewe. Karatasi zilizoshonwa pamoja haziungui upesi kama watu wanavyodhani. Zinafuka moshi, zinakataa, na lazima uzichokoe kwa fimbo ili moto upite katikati ya kurasa. Stoo ikawa darasa la watoto arobaini. Mkaguzi alipokuja alinisifu.

Miaka karibu thelathini baadaye, nikikaribia kustaafu, alinijia mama mmoja aliyekuwa ametafuta kwa muda mrefu mahali ninapoishi. Tulisalimiana, akaketi, akanywa maji. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe ulikuwa mkuu wa shule ile. Baba yangu alisoma pale enzi za mtemi. Nataka jina lake tu, na jina la baba yake, kama lilivyoandikwa siku alipoandikishwa." Shamba la babu yake lilikuwa limeingia katika upimaji wa viwanja. Upande wa pili wa ukoo ulikuwa unasema kwamba baba yake hakuwa mtoto wa yule mzee bali kijana mchunga ng'ombe aliyekuja na kukaribishwa. Wazee walioyajua mambo yale walikuwa wamekufa. Katika rejista za zamani kila mtoto aliandikwa jina lake, la baba yake na la mwanangwa wake. Nilijua, kwa sababu nilizifungua mbili tatu kabla ya kuwasha kiberiti.

Nilimwambia ukweli. Hakunilaumu. Alisema, "Basi, mwalimu, asante," akachukua kanga yake akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba alishindwa.

Katika uzee wangu nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini kijana aliyesoma, ambaye alifundisha somo la historia na kulipenda, aliweza kufanya jambo lile bila hata kusita. Sehemu ya jibu ni ujinga wangu mwenyewe, na hiyo siigawi kwa mtu. Lakini sehemu nyingine ni kwamba karatasi zile hazikuwa na mwenyewe. Serikali ya Waingereza ilitawala huku kwetu kwa kupitia watemi. Chini ya mtemi walikuwapo wanangwa, na pembeni ya mtemi alikaa karani mwenye wino na daftari. Huyo karani aliandika kodi, kesi za barazani, mipaka ya mashamba, ng'ombe wa mahari. Mwaka 1963 utemi ulifutwa na kesi zikahamia Mahakama za Mwanzo. Watemi wakaenda nyumbani, makarani wengine wakaajiriwa kwingine, na madaftari yakabaki mahali yalipokuwa, yakiwa mali ya serikali isiyokuwapo tena. Halafu ikaja mwaka 1974, operesheni ya vijiji. Mtu aliyeamriwa kuhama hubeba mlango wake, chungu chake na watoto wake. Habebi bahasha ya stakabadhi iliyochomekwa kwenye paa la nyasi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na vitabu vya pamba navyo vikakosa mwenyewe. Katika miaka kumi na mitatu, tawala tatu za karatasi ziliondoka bila kumkabidhi mtu funguo. Mimi nilikuwa mmoja tu wa wengi waliokuta kasha lisilo na mwenyewe wakahitaji nafasi.

Hasara ya vitabu vya pamba naiona kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ushirika wa mkoa wetu haukuwa jambo dogo. Muungano wa vyama vya wakulima wa pamba ulioandikishwa mwaka 1955, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake, ulianza kwa malalamiko juu ya mizani: mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi na mzani ukasema uongo. Kwa hiyo chama cha msingi kilipopata mzani wake, kilichoandikwa katika kitabu chake kilikuwa ushindi: jina la mkulima, ratili alizoleta, shilingi alizolipwa. Tena TANU ilipopigwa marufuku katika Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958, watu waliendelea kukutana kwa jina la ushirika. Msomi wa Kimarekani, Andrew Maguire, alikuja kuzisoma habari hizo, na mwaka 1969 akatoa kitabu juu ya safari ya Usukuma kuelekea uhuru. Baadaye huyo bwana alikwenda kwao akawa mbunge. Simwonei wivu, nilichojifunza kwake ni kwamba alipokuja majalada yalikuwapo. Angekuja miaka kumi na mitano baadaye, huenda angerudi na vumbi.

Nisiseme kwamba hakuna aliyehifadhi. Nikiwa mwanachuo Butimba tulipelekwa Bujora, juu ya kilima karibu na Kisesa, kando ya barabara ya Musoma. Parokia ile ilianzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Pamoja naye walikuwapo walei wa Kisukuma waliounda kamati ya utafiti wa mila. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa kawaida, waliokwenda kwa wazee kuuliza, kusikiliza na kuandika: nyimbo, methali, majina ya watemi, dawa, ngoma za Bagalu na Bagika. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968. Nilipofika mimi rangi ilikuwa bado mpya, na nilishangaa kuona jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake ngoma na vitu vya kitemi vilivyotoka katika himaya mbalimbali. Mwongozaji wetu alikuwa mzee aliyesema kila kitu kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili, kana kwamba vitu vyenyewe vingeona haya kutajwa kwa lugha ya pili kabla ya ile ya kwanza. Kazi ya namna hiyo ilifanyika pia Ndoleleji, upande wa Shinyanga, ambako kamati ya wanavijiji pamoja na Padri Donald Sybertz ilikusanya methali na hadithi kwa miaka mingi.

Nimekwenda Bujora mara nyingi tangu siku ile na nitakwenda tena nikijaliwa. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo lazima niliseme. Ngoma ya mtemi hupata mtu wa kuitunza kwa sababu inapendeza macho na ina heshima. Kitabu cha karani hakipendezi. Kina harufu ya panya, kimeandikwa kwa mwandiko wa kuinama, na mambo yaliyomo ni ya watu wadogo: fulani alimdai fulani ndama. Ukitaka kujua mtemi alikaaje, Bujora itakuambia. Ukitaka kujua babu yako aliwahi kuwapo duniani, unahitaji kitabu cha karani.

Karatasi nyingine zetu zilisalimika kwa sababu zilikwenda mbali. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alikaa Mwanza, akaandika juu ya sheria na desturi za Wasukuma kitabu kilichotoka mwaka 1953. Makaratasi yake yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kuna mfano wa jirani yetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na kitabu hakikuchapwa mpaka mwaka 1980, baada ya yeye mwenyewe kukigeuza kuwa Kiswahili. Mwaka 1981 akafariki. Miaka thelathini na mitano mswada unangoja! Nani aliukinga na mchwa muda wote huo? Tunamsifu mwandishi, na anastahili, lakini mimi siku hizi huwaza pia juu ya lile kasha, na juu ya mtu aliyekuwa akiliinua chini na kuliweka juu ya kitanda mvua ilipopenya paa.

Sasa nije nyumbani Buswelu. Nilipojenga hapa palikuwa mashamba ya mihogo na mawe makubwa, na usiku tulisikia fisi. Leo ni makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, barabara ya Sabasaba kupitia Kiseke ni ya lami, na kila shamba limekuwa viwanja. Mahali panapogeuka haraka namna hii, kila mtu anaulizwa: ulikuwa hapa lini, na nani anajua?

Kikundi chetu kilianza kwa karanga. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa katibu wa chama cha msingi cha pamba, alinunua karanga za shilingi mia tano akapewa zimefungwa katika karatasi yenye mwandiko wa wino wa zambarau. Alipoisoma aliona ni ukurasa wa kesi ya barazani ya miaka ya 1950. Alimrudia yule binti muuza karanga, akamwambia, "Binti yangu, nitakununulia daftari jipya la kufungia, unipe hilo ulilo nalo." Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Lilitoka katika ofisi fulani iliyokuwa ikisafishwa; halina haja ya kutajwa, kwa kuwa ofisi ile ilifanya tu kile nilichofanya mimi.

Tulikuwa watu watano mwanzoni: huyo katibu, mkunga mstaafu, katekista, kijana mwenye duka la fotokopi, na mimi. Hatuna jina wala mhuri. Tunakutana alasiri za Jumamosi kwenye baraza ya mkunga kwa sababu ndiyo yenye meza kubwa. Kazi yenyewe haina uchawi. Daftari halilazwi chini wala halisukumwi ukutani. Linawekwa juu ya ubao ulioinuliwa kwa matofali, ili mchwa wakipanda tuuone udongo wao. Pini na vibanio vya chuma tunaviondoa kwa sababu kutu hula karatasi. Selotepu ni marufuku. Gundi yake hugeuka rangi ya chai na kuyala maandishi. Tunaandika kwa penseli tu. Karatasi iliyolowa haianikwi juani, inaanikwa kivulini, na hatuipigi pasi, ingawa katekista alijaribu mara moja kabla hatujajua. Kijana anapiga picha kila ukurasa kwa simu. Mimi na katibu tunanakili kwa mkono katika kaunta buku, kwa sababu simu hupotea na simu hufa.

Baada ya daftari la karanga watu walianza kuleta vya kwao: stakabadhi za kodi, kadi za TANU, kitabu cha mizani ambacho mjane mmoja alikitumia kufunikia mtungi. Ndipo ugomvi ukaingia. Sheria ya mwaka 2002 ya kumbukumbu na nyaraka inasema kumbukumbu za umma ni za umma, na mahali pake ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, siyo baraza ya mkunga. Nilisema daftari la kesi lipelekwe. Katibu alisimama. "Mwalimu, walilitupa. Tuwarudishie walitupe mara ya pili?" Tulibishana Jumamosi tatu. Mwisho tulikubaliana kulinakili lote kwanza, mstari kwa mstari, kisha tulikabidhi mjini na kudai stakabadhi. Ilituchukua miezi saba. Stakabadhi tunayo, na katibu anaitunza kama cheti cha ndoa.

Lakini lililonifanya niandike insha hii lilitokea katikati ya miezi hiyo saba. Habari zilikuwa zimeenea kwamba tunayo kesi za zamani, na jioni moja alinijia mzee anayenizidi umri, mtu wa heshima, ambaye sote hapa tunamwita babu. Alikaa muda mrefu akizungumza juu ya mvua. Kisha akasema, "Mwalimu, nimeambiwa baba yangu yumo." Alikuwamo. Alishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe wawili na barazani akafungwa miezi sita. Mzee alijua habari hiyo tangu utoto. Watoto wake na wajukuu hawakuijua. "Ukurasa mmoja tu," alisema. "Kitabu chote bakini nacho. Nipe huo mmoja."

Ndugu msomaji, nilipanga maneno mazuri kichwani juu ya wajibu kwa vizazi vijavyo, na yote yalinikwama kooni. Mtu aliyeteketeza makasha matano atamnyimaje mwenzake ukurasa mmoja? Tena upande wa pili wa ukurasa ule kulikuwa na kesi nyingine, ya mahari: ng'ombe wangapi walitolewa, wangapi walibaki, na mtoto gani alikuwa amezaliwa. Kwa desturi yetu mahari ndiyo iliyoamua mtoto ni wa ukoo upi. Ningempa mzee aibu ya baba yake aichane, naye angechana pia ukoo wa mtu asiyemjua. Badala ya hotuba nilimsimulia habari za mwaka 1977 na za yule mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na yeye shamba alipata?" Nikamwambia hapana.

Alinyamaza. Halafu akasema jambo ambalo mimi na ualimu wangu wote sikulifikiria. "Basi na mimi niandikieni." Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye baraza ya mkunga, amevaa koti, akasema na katibu akaandika: kwamba ni kweli baba yake alifungwa, kwamba mwaka ule ulikuwa wa njaa, kwamba alipotoka alilipa ng'ombe wale kwa miaka mitatu, mmoja akiwa wa mahari ya dada yake, kwamba kisima kinachotumiwa mpaka leo chini ya kilima alikichimba yeye. Akaweka dole gumba, ingawa anajua kusoma na kuandika, kwa sababu alisema baba yake aliweka dole gumba. Karatasi hiyo imo ndani ya nakala yetu, mkabala na ukurasa wa kesi.

Siku nikienda Igoma hupita makaburi ya waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na kwa kuwa abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, hesabu ya waliokufa imebaki ya kubishaniwa hadi leo. Kuna waliozikwa pale bila majina. Nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kutambua ndugu, na ninakumbuka watu wakiulizana jambo moja tu, kama kuna karatasi.

Mwezi uliopita nilimwomba katibu anipe nafasi kwenye kaunta buku. Nikaandika jina la shule, mwaka, idadi ya makasha, na kwamba niliyeagiza ni mimi. Kisha nikaandika yale niliyoweza kuyakumbuka kutoka katika rejista zile mbili tatu nilizofungua kabla ya kuwasha kiberiti. Niliketi na penseli kuanzia saa tisa hadi magharibi. Yalipatikana majina kumi na moja ya watoto, na kati ya hayo manne tu yenye jina la baba. La baba wa yule mama halimo, au limo na nimelisahau.

Katibu alisoma, akavua miwani akaifuta. Kila kitu kwetu huandikwa kwanza kilikotoka. "Sasa hii, mwalimu," akaniuliza, "tuandike imetoka wapi?"

Nilimwambia aandike: stoo.